Nimesoma na Nimeelewa: Nafsi, Njeo na Ukimya katika Fomu ya Mkopo

Fomu yenyewe ni karatasi moja iliyochapwa mbele na nyuma, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kukatika, na pembe yake moja imelowa mafuta ya kukaangia. Nilionyeshwa na mama mmoja anayeuza chipsi na mihogo Mazimbu, Morogoro, kwenye kibanda kilicho jirani na barabara ya kuingilia Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanafunzi wanaosomea ualimu wa hisabati na sayansi hupita hapo mchana na jioni, na siku ikiwa safi Milima ya Uluguru huonekana kwa mbali, vilele vyake vikiwa bado vimejifunika ukungu. Aliifuta karatasi kwa upindo wa kanga, akaitandaza juu ya kabati la vioo la chipsi, akaweka kidole chini kabisa, juu kidogo ya sahihi yake.

"Mwalimu, hebu nisomee hapa. Wamesemaje?"

"Wamesema, nimesoma na nimeelewa masharti yote ya mkopo huu."

"Nani kasoma?"

Sijawahi kusikia swali la kihakiki lililo fupi na kali kuliko hilo. Sentensi iko katika nafsi ya kwanza, imetungwa na nafsi ya tatu, imesainiwa na nafsi ya kwanza, na sasa inasomwa kwa sauti na mtu wa pembeni kwa huyo huyo anayedaiwa kuwa alikwisha kuisoma. Wahakiki wa riwaya tumezoea kuhoji msimulizi ni nani, na sauti tunayoisikia ni ya nani hasa; hapa mama amelihoji hilo hilo huku mafuta yakichemka, bila msaada wa nadharia yoyote. Nitalifuata swali lake kwanza ndani ya fomu, kisha ndani ya sheria ambazo Bunge na Benki Kuu wamezitunga ili kuichunga fomu hiyo, kwa kuwa naamini matini hizi mbili zinasomana. Moja imeandikwa ikijua nyingine ipo, na ushindani wao ni wa umbo zaidi ya ushindani wa bei.

Tuanze na nafsi. Kichwa cha fomu kinasema "Maombi ya Mkopo Nafuu," na chini yake mkopaji anajitambulisha kwa ukamilifu ambao mwandishi wa wasifu angeuonea wivu: mimi fulani, mkazi wa mtaa fulani, mjumbe wangu fulani, ninafanya biashara fulani mahali fulani, nina simu hii, mwenzi wangu ana simu hii, mdhamini wangu ni huyu. Kisha vinaorodheshwa vitu vya ndani vinavyowekwa dhamana, na hapa fomu inageuka kuwa maelezo ya nyumba: televisheni, kitanda cha futi tano kwa sita, godoro, jiko la gesi la plati mbili. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unagongwa ubavuni kama shahidi aliyeitwa kuthibitisha kwamba mhusika huyu si wa kubuni. Nafsi ya mkopaji, kwa kifupi, ina mwili, ina anwani, ina kitanda.

Mkopeshaji hana hata kimoja. Katika sentensi mbili za mwanzo anaitwa "Kampuni," naye ni mtenda wa vitenzi vyenye huruma: Kampuni imeridhia, Kampuni inatoa. Lakini mara tu masharti yanapoingia kwenye uchelewaji, Kampuni inatoweka kwenye sarufi. Mali zitachukuliwa. Zitauzwa. Faini itatozwa. Hatua zaidi zitachukuliwa bila taarifa. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili inaturuhusu kumtaja mtenda kwa "na": mali zitachukuliwa na nani? Fomu inaikata sentensi kabla haijafika kwenye "na" hiyo, na inafanya hivyo kila mara, kwa uthabiti ambao siwezi kuuita bahati mbaya. Nauita ukimya wa mtenda. Athari yake ni kwamba mkopo unatolewa na watu, ila unadaiwa na hali ya hewa. Televisheni itaondoka sebuleni kama vile bati linavyoezuliwa na upepo, na upepo hauna wa kushtakiwa.

Ukitaka kuona ustadi mkubwa zaidi, tazama njeo. Fomu inajazwa kabla ya fedha kutoka, hilo kila aliyewahi kukopa analijua, lakini inasema "nimepokea." Inajazwa juu ya kabati la chipsi, afisa mikopo akiwa amesimama na pikipiki haijazimwa, lakini inasema "nimesoma." Kiambishi -me- kazi yake ni kutuambia kwamba tendo limekamilika na matokeo yake yanaendelea kuwapo; fomu inakichukua na kukipachika kwenye matendo ambayo hayajafanyika, au hayatafanyika kamwe. Niiite njeo tangulizi: njeo inayoandika historia ya tukio kabla ya tukio. Sahihi inapowekwa, wakati unageuka nyuma na kuwa ulivyoandikwa. Kuanzia hapo mama amesoma. Anachoweza kubishia ni kumbukumbu yake tu, na kumbukumbu haina muhuri wa mtaa.

Katikati ya fomu kuna kishazi ambacho nadhani kila msomaji wa Kiswahili amewahi kukutana nacho mahali, kwenye hati ya kuuziana kiwanja au wosia: nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu yeyote. Tumekizoea kiasi kwamba tunakipita kama tunavyopita salamu. Lakini kishazi hiki ni dondoo lisilotaja chanzo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, katika kifungu cha 11, inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu. Katika kifungu cha 14 inataka ridhaa yake iwe huru. Kifungu cha 15 kinaeleza shuruti ni nini, na cha 16 kinaeleza ushawishi usiofaa, yaani pale mtu mmoja anapokuwa na nafasi ya kuitawala nia ya mwenzake na akaitumia nafasi hiyo kujipatia faida isiyo ya haki. Fomu imevisoma vifungu hivyo. Imevijibu mapema, kwa mdomo wa mkopaji mwenyewe. Sheria ilitaka kuuliza swali mahakamani, mbele ya hakimu, baada ya madhara. Fomu imempa mkopaji jibu la kulisaini kabla swali halijaulizwa.

Nikae kidogo kwenye kifungu cha 16, maana ukoo wake unafaa kujulikana. Sheria yetu ya Mikataba ni ya mwaka 1961, na ni mtoto wa Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika na ikatumika hapa mpaka hiyo ya kwetu ilipochukua nafasi yake. Watunzi wa ile ya India walikuwa na mbinu ambayo mhakiki wa fasihi hawezi kuiacha: baada ya kila kanuni ngumu, waliweka hadithi fupi za mistari miwili mitatu, wahusika wake wakiwa herufi tu, A na B. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo ya India kina hadithi mbili zinazokaa jirani. Katika ya kwanza, A tayari anadaiwa na B, mkopeshaji wa kijijini kwake, naye anachukua mkopo mwingine kwa masharti ambayo ukiyatazama tu unaona yanakera dhamiri. Hapo sheria inamgeuzia B mzigo, athibitishe yeye kwamba hakutumia ushawishi usiofaa. Katika ya pili, A anakwenda kwa mwenye benki wakati fedha ni adimu sokoni, benki inakataa kumkopesha ila kwa riba ya juu kupita kawaida, A anakubali. Hiyo, sheria inasema, ni biashara ya kawaida.

Usanii wa hadithi hizi uko kwenye kinachozitenganisha. Riba inaweza kuwa ile ile. Shida ya A inaweza kuwa ile ile. Kilichobadilika ni umbali: B wa kwanza ni wa kijijini, anamjua A, A ana deni lake tangu jana, na ukaribu huo ndio unaoitia sheria shaka. Benki iko mbali, haina uso, na kutokuwa na uso kunaifanya iaminike. Sasa irudie fomu ya Mazimbu. Mkopeshaji wake ni B wa kwanza kwa kila hali: anajua kibanda kilipo, anajua kitanda ni cha futi ngapi, anakuja kila jioni na pikipiki. Ila fomu imemvika sarufi ya benki. Ule ukimya wa mtenda niliouonyesha juu haumfichi mama asimjue anayemdai, kwa kuwa anamjua vizuri sana. Unaificha sheria isimjue. Unamhamisha B kutoka hadithi ya kwanza hadi ya pili.

(Ukoloni nao ulikuwa na sheria yake ya kumlinda mkopaji Mwafrika dhidi ya wenye maduka, na njia yake ilikuwa rahisi na ya kudhalilisha: deni la "mzawa" kwa asiye mzawa halikudaika mahakamani mpaka liwe limeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Ulinzi ulipatikana kwa kumfanya mkopaji awe mtoto. Naitaja ili tusije tukadhani kila ulinzi ni heshima.)

Turudi kwenye karatasi, upande wa nyuma, ambako kuna jedwali la visanduku 30. Juu yake imeandikwa: Mkopo 100,000. Rejesho kwa siku 4,000. Siku 30. Mama alipewa mkononi 90,000, kwa sababu 10,000 ilibaki kuwa ada ya fomu. Nimeisoma karatasi nzima mara tatu nikitafuta neno moja, na halimo. Neno "riba" halimo.

Hapa ndipo fomu inapokutana na sheria uso kwa uso, na ndipo sheria inapokosa pa kushika. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa aina hii kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Ni kikomo kinachoeleweka, na mwanafunzi yeyote wa hisabati anayepita pale akaagiza chipsi yai angeweza kukikokotoa akisubiri. Mkopo wa 100,000 unaolipwa kidogo kidogo kwa siku 30 haubaki 100,000 mwezi mzima. Kila siku unapungua, na wastani wa kile mama alichobaki nacho mkononi ni kama 51,700. Asilimia 3.5 ya hiyo ni shilingi 1,800 na ushee. Fomu imechukua 20,000, ukiacha ile 10,000 ya fomu. Lakini fomu haikusema imechukua riba ya 20,000. Ilisema elfu nne kwa siku, na elfu nne kwa siku ni bei ya sahani chache za chipsi. Sheria inazungumza kwa asilimia na kwa mwezi. Fomu inazungumza kwa shilingi na kwa siku. Hizi ni lahaja mbili, na mama anaongea ya pili.

Hata anayefuata kikomo kwa nia njema ana mwanya wa kiumbo. Chukua 300,000 kwa miezi sita. Ukipiga asilimia 3.5 juu ya mkopo wote kila mwezi, kana kwamba hakuna kilichokwisha kulipwa, riba inakuwa 63,000. Ukiipiga juu ya salio linaloshuka, 50,000 ya msingi ikilipwa kila mwezi, inakuwa 36,750. Asilimia ni moja, mwezi ni mmoja, mkopo ni mmoja, na tofauti ni 26,250. Tofauti yote imekaa kwenye kirai kimoja tu: "juu ya nini." Nathari ya sheria inaishi au kufa kwenye virai vya namna hiyo, na ndiyo maana sioni aibu kuisoma kama tunavyosoma mizani ya shairi.

Watu nao wamefanya uhakiki wao, wakaupa mkopo huu jina: kausha damu. Jina hili linastahili kutazamwa kimofolojia kabla halijawa la kawaida mno. Limejengwa kwa kitenzi na nomino, kitenzi kikiwa katika umbo la amri, kama tunavyounda majina ya watu kwa tabia zao: mchapa kazi, mpiga debe. Lakini angalia kinachotokea kwa mtenda. Katika "mpiga debe" kuna m- ya mtu. Katika "kausha damu" hakuna. Jina limeichukua ile sarufi isiyo na mtenda kutoka kwenye fomu na kuigeuza dhidi ya fomu. Na kitenzi kimechaguliwa kwa jicho kali: waliolitunga jina hili wangeweza kusema nyonya damu, kitenzi kilichochoka kwa kutumiwa na wanasiasa tangu enzi za Azimio la Arusha, lakini anayenyonya ana mdomo, ana tumbo, anashiba na kuacha. Kukausha hakuna tumbo. Ni kazi ya jua na moto, kazi ya kidogo kidogo, ya kila siku, ndiyo ile ile ya visanduku 30. Wale wanaoiita mikopo hii "mikopo umiza" wametaja maumivu. Wanaosema kausha damu wametaja mbinu.

Sasa sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, Na. 10 ya mwaka 2018, ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2019, ikiwa imetanguliwa na Sera ya Taifa ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2017. Kabla yake mkopeshaji wa mtaani alikuwa akiishi kati ya leseni ya biashara na mazoea. Uti wa mgongo wa sheria hii ni mgawanyo wa madaraja manne. Daraja la kwanza ni taasisi zinazopokea amana. La pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, kuanzia kampuni hadi mtu mmoja mmoja, na kampuni iliyomkopesha mama yetu ingepaswa kuwa humo. La tatu ni SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii, vile tunavyoviita VICOBA na majina mengine. Benki Kuu inasimamia mawili ya mwanzo, na imekasimu la tatu kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika na la nne kwa serikali za mitaa.

Neno daraja ni zawadi ambayo mtunzi wa Kiingereza hakujua kwamba atampa Mswahili. Kwa Kiingereza ilikuwa ngazi za keki tu, tabaka juu ya tabaka. Kwa Kiswahili daraja ni cheo, na pia ni kile kinachokuvusha mto. Msomaji wa Morogoro, mji unaogawanywa na mito inayoshuka Uluguru, anaposikia "daraja la pili" ana haki ya kuuliza linamvusha nani. Na jibu linatokana na kigezo cha mgawanyo wenyewe. Madaraja yamepangwa kwa swali moja kuu: je, unashika fedha za watu? Anayepokea amana ana masharti mazito kwa sababu akianguka, anaanguka na akiba za wengine. Asiyepokea amana akianguka, anaanguka peke yake, hivyo mlango wake ni mpana zaidi. Ni mantiki safi, lakini ni mantiki ya mweka akiba. Umbo la sheria limesimama upande wa mtu anayeipa taasisi fedha. Anayezichukua hana daraja lake. Yeye anapita juu ya yote manne bila kutajwa kwenye muundo, na ulinzi wake kwa sehemu kubwa unaletwa baadaye, katika kanuni, kama paa lililoongezwa kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa.

Sisemi paa ni bovu. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019 pia, zina jambo moja ambalo kimtindo nalihusudu, nalo ni matumizi ya "kabla." Mtoa huduma atatoa taarifa za bei na masharti kabla ya mkataba. Neno dogo, lakini ndilo pekee katika matini zote hizi linaloishambulia njeo tangulizi mahali inapoishi. Kikomo cha riba kinapambana na kiasi, na fomu inajua kubadili kiasi kikawa siku, ada au faini. "Kabla" inapambana na mpangilio wa matukio: kwanza soma, ndipo useme nimesoma. Ningekuwa mtunzi wa kanuni, ningeirefusha hiyo "kabla" kuliko kuishusha asilimia. Ningeweka usiku mzima kati ya kusoma na kusaini, pikipiki izimwe, afisa aende zake, arudi kesho.

Kuna jambo la lugha ambalo halina budi kusemwa, japo si la kukaa nalo sana. Sheria hii ya kumlinda mkopaji ilitungwa kwa Kiingereza, kama zilivyotungwa sheria za Bara kwa miongo mingi mpaka marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Fomu ya kausha damu ilikuwa ya Kiswahili tangu siku ya kwanza. Katika ushindani wa matini mbili, ile inayochukua kitanda ndiyo iliyojali kueleweka na mwenye kitanda. Au ilijali kusemeka naye, tuseme hivyo. Kueleweka ni habari nyingine.

Jirani zetu Wakenya wametupa mfano wa kulinganisha mitindo. Mwaka 2016 walitunga kikomo cha riba za benki kwa njia ya asilimia, wakakifuta mwaka 2019 baada ya benki kuwakimbia wakopaji wadogo. Lakini katika sheria yao ya mabenki wana kanuni nyingine iliyokaa kimya miaka yote hiyo: mkopo ukishaharibika, riba inayoongezeka haiwezi kuvuka kiasi cha msingi kilichokuwa kinadaiwa siku ulipoharibika. Kanuni hiyo ni ya zamani, ina mizizi kwa Warumi, na kiumbo ni nzuri kuliko asilimia yoyote kwa sababu haihitaji kikokotoo. Mtoto hamzidi mama kimo. Mtu anaweza kuikumbuka akiwa amesimama mbele ya afisa na jioni inaingia. Kanuni inayokumbukika ni nusu ya kanuni inayotekelezeka, na natamani watunzi wetu wangekuwa na sikio kwa hilo.

Kwenye simu, utanzu umebadilika tena. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kuidhinishwa. Sitaki kuzihakiki zote. Nyingi zina umbo moja. Fomu imefupishwa kuwa kitufe kilichoandikwa "Kubali," na njeo tangulizi imefika ukomo wake: hakuna hata sentensi ya kudai umesoma, kidole chenyewe ndicho "nimesoma." Ukimya wa mtenda, kwa upande mwingine, umepasuka. Anayechelewa hupata habari zake kupitia kwa wengine, kwa ujumbe uliotumwa kwa watu waliomo kwenye orodha ya namba zake: mwambie ndugu yako alipe. Sarufi imehamia nafsi ya pili, na nafsi hiyo si ya mkopaji. Shangazi wa Mgeta aliyeshuka sokoni na kabichi zake anasoma deni asilolijua kwenye simu yake mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa uovu huu kwa njia yake, kwa kumfanya mwenye taarifa kuwa mhusika mkuu wa sentensi zake, na kimuundo naiona imetungwa kwa mkono uliotulia kuliko ile ya madaraja.

Upande wa malalamiko, Benki Kuu imeanzisha mfumo na kuuita "Sema na BoT." Uweke jirani na kausha damu uone: majina yote mawili yanafunguliwa kwa amri, moja ikiwa ya kukausha, moja ya kuzungumza. Nimelipenda jina hilo kuliko nilivyotarajia kupenda chochote chenye herufi za kifupisho. Ni mara chache ofisi ya umma humwita mtu kwa kitenzi cha umoja, bila "mwananchi mpendwa," bila "wadau." Sema. Tatizo ni kwamba ili useme, uwe na sentensi, na sentensi aliyoachiwa mama ni ile aliyokwisha kusaini.

Au ndivyo nilivyodhani, mpaka alipotoa daftari. Lilikuwa chini ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na chenji, daftari dogo la kurasa 32 lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Mwandiko ni mkubwa, wa kalamu ya bluu, na kila mstari una mtenda. Jtatu 4000 nimetoa. Jnne 4000 nimetoa. Jtano 4000 nimempa yule mrefu. Hakuna kauli ya kutendwa hata moja. Fedha inatoka kwa mtu na kwenda kwa mtu, na siku ambayo aliyekuja si yule wa kawaida, ameandikwa alivyokuwa.

Tukaliweka daftari kando ya fomu, tukafuatisha kisanduku kwa mstari. Vililingana hadi siku ya 18. Ya 19, kwenye fomu, ni tupu. Ya 20 imeandikwa 9,000, bila maelezo, na sahihi ya afisa imepita juu ya tarakimu. Nikahesabu: elfu nne ya jana, elfu nne ya leo, elfu moja ya juu ambayo haina jina popote kwenye karatasi. Nikamuuliza siku ya 19 kulikuwa na nini. Hakujibu, aligeuza tu daftari nisome mwenyewe. Kwenye mstari wa siku hiyo hakuna tarakimu. Kuna neno moja, mvua.